Bomba la Inchi Sita

Ilani imefungwa kwa waya kwenye geti la Bi Nyanchama,
karatasi ndani ya nailoni, herufi ndogo kama chawa:
ploti tatu kuwa moja,
nyumba ya familia moja kuwa ghorofa kumi na nne,
mwenye pingamizi aandike ndani ya siku kumi na nne.
Siku moja kwa kila ghorofa.
Tulipoiona zilibaki tano.
Mvua ilikuwa imeshaisoma kabla yetu.

Mimi si msemaji.
Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za maji za South C,
nikipiga magoti kwenye nyasi za watu,
nikifuta tope kwenye kioo, nikiandika tarakimu.
Najua nyumba ipi inaoga sana
na ipi imefiwa; mita hujua kabla ya jirani.
Najua pia kilicho chini ya lami:
bomba moja, chuma, inchi sita,
lililolazwa nyumba zikiwa arobaini
katika udongo mweusi unaovimba masika
na kupasuka kiangazi kama kisigino.
Maji huja Jumanne usiku na Ijumaa, yakikumbuka.

Mkutano ukawa katika chekechea.
Tukakalia viti vya watoto, magoti kidevuni,
Bwana Abdikadir na koti lake la Ijumaa,
wakili wa nyumba ya kona, sisi sote wadogo ghafla.
Kijana wa kampuni akafunua sanduku la kioo:
jengo, miti ya sifongo,
vijitu vyeupe visivyo na nyuso vikitembeza vijibwa.
Nikatafuta nyumba yangu. Ilipaswa kuwa kushoto.
Palikuwa na kipande cha kadibodi ya kijani.
Nikauliza, hapa ni wapi?
Akatabasamu: Hapo, mzee, ni mandhari.

Watu wakasema. Jua la asubuhi. Maji taka. Magari.
Ndege za Wilson zinazopita chini hadi nguo hutetemeka kambani.
Mtu akasema "hadhi ya mtaa", wengine wakapiga makofi,
nami nikapiga, kisha nikaona haya,
kwa kuwa nilikumbuka mwaka tuliohamia,
wachungaji bado wakipitisha ng'ombe palipo jiko langu sasa,
wakisimama mbele ya ua mpya wa seng'enge,
wakiutazama, wakizunguka.
Hao hatukuwawekea karatasi kwenye geti.

Bi Nyanchama aliinuka mwishoni, kwa shida.
Miguu yangu haipandi ngazi tena, alisema.
Wanangu wako Doha. Chumba cha juu kina popo.
Mnataka nikae humo mpaka nife
ili ninyi mpate kivuli cha mparachichi wangu?
Hakuna aliyejibu.
Kiti kimoja cha plastiki kililia chini ya mtu.

Usiku binti yangu Kalondu akapiga simu kutoka Pipeline,
kutoka chumba kisichojua mchana,
ambako taa huwashwa saa nne asubuhi ili kuchambua mchele.
Nikamweleza yote: kadibodi, ndege, bomba.
Akasikiliza.
Halafu, taratibu, kama anayeomba chumvi:
Baba, na vya chumba kimoja vitakuwepo?

Sikulala.
Alfajiri niliandika pingamizi langu,
na sikutaja jua, wala hadhi, wala mandhari.
Niliandika nyumba mia moja na sitini na nane,
lita kwa siku kwa kila nyumba,
kisha nikaandika inchi sita.
Chini yake, kwa mwandiko wa kitabu cha mita:
Waje. Lakini lazeni bomba kwanza.

Ofisi ya kaunti, dirisha namba tisa, siku ya mwisho.
Karani akagonga mhuri. Haukutoka kitu.
Akagonga tena. Wino ulikuwa umekauka.
Akanitazama, nikamtazama,
tukauwekea mikono pamoja,
tukabonyeza.