M Iliyomezwa

Umeme umerudi saa nne na robo usiku.
Feni imeanza kuyachambua madaftari ya Kidato cha Pili,
Kilua anayakandamiza kwa kopo tupu la maziwa.
Mimi nafungua faili.

Hapa ni Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Mwale wenyewe uko mbali, chini ya ardhi ya watu:
protoni zinapita katika bomba lisilo na hata hewa,
na njiani zimewekewa wahesabuji wawili,
mmoja chemba ya gesi,
mwingine kibao cha plastiki kinachomeka kila kinapoguswa.
Kazi yao ni kusema zimepita ngapi.
Kazi yangu ni kuwauliza tena.

Protoni sizioni. Nani azionaye?
Nachukua hesabu ya plastiki, nagawa kwa hesabu ya gesi,
zamu hii, zamu ile,
naomba jibu liwe lilelile, linichoshe.
Zamu ya kumi na moja: moja kamili, na vumbi kidogo.
Ya ishirini: moja kamili.
Ya thelathini na nane: sifuri nukta tisa sita.

Nikaacha kutafuna karanga.

Nne kwa mia. Pale soko la Mgandini
ungeambiwa, mama, hiyo si nyongeza tu?
Lakini kila tulichokipima mwaka mzima
kimegawanywa kwa namba hii.
Na wawili wakitofautiana
hujui mgonjwa nani: aliyepunguza, au aliyezidisha.

"Mwanjaa kaniangusha," Kilua anasema, kalamu nyekundu mdomoni.
"Mshororo wa tatu una mizani kumi na tano."
Anausoma, vidole vikikimbia:
*Mtu mpole hujua, mkali hupita mbio.*
Kumi na tano.
Mimi nahesabu kwa maharage yaliyobaki kwenye ungo.
Kumi na sita.
Anarudia. Kumi na tano.
Narudia. Kumi na sita.
Tumeoana miaka tisa, hatujawahi kugombana hivi.

Nyuma ya ukuta, Bi Mwanaidi, mamake,
ambaye tulidhani kalala tangu isha:
"Kumi na sita! Umeimeza *m* ya *mpole*.
Unasoma kama unakimbizwa. Lalani."

Kimya. Feni peke yake.
Ni daftari la thelathini na saba, na yamebaki manne.
Lile la kwanza, saa moja jioni,
asingemeza hata nukta.

Basi nikaacha kuzipanga zamu kwa tarehe.
Nikazipanga kwa ukali wa mwale,
toka unaotiririka hadi unaofurika,
na mstari wangu uliokuwa umelala
ukainama upande wa kulia, taratibu,
kama mtu anayesinzia juu ya daftari.
Nikamtafuta wa tatu: kikombe cha shaba mwisho wa njia,
kisichohesabu moja moja,
kinapokea chote na kusema uzito wake.
Kikombe kikaafikiana na gesi.

Kwa hiyo ni plastiki. Lakini haikusema uongo.
Ilikuwa bado inaitikia protoni moja
na nyingine ikapita bila salamu.
Dawa yake ipo, kanuni ya mstari mmoja
inayorudisha zilizomezwa, kwa makadirio.

Wino mwekundu haufutiki.
Kilua kaikata kumi na tano yake, kaandika 16,
na pembeni, kwa herufi ndogo: *Kosa ni langu. Mwl.*

Nazima taa. Sisinzii.
Thelathini na nane imekwisha nisamehe.
Ni ile ya hamsini na mbili, mwale mkali kuliko zote,
ambapo gesi, plastiki na kikombe
wamesema kitu kimoja, bila hata kusahihishwa.
Huko ukutani Bi Mwanaidi anakoroma.
Wa nne sina.