Nusu Saa Hadi Manda

Kazi yangu ni kupima.
Mabegi kwanza, kisha wenye mabegi,
maana ndege yetu ni ndogo, viti kumi na viwili,
na rubani hutaka kujua nani mzito akae wapi.
Watu wazima huvua viatu bila kuambiwa,
kana kwamba wanaingia msikitini.

Bi Mwanashee Lali hakuvua.
Alipanda mizani na buibui lake, kikapu mkononi,
mshale ukatua kwenye hamsini na nane.
"Pamoja na kikapu?"
"Na kikapu. Ni halua tu, na ufunguo."
Ufunguo wenyewe wa chuma, mrefu kama kiganja changu,
wa nyumba ambayo, alisema, imewafanya
yeye na dadake wasiamkiane tangu mvua za Elinino.

Akauliza: "Mwanangu, hapa na Amu ni mbali ipi?"

Jibu nalijua hata usingizini.
Kwa barabara, kupitia Garsen na Witu,
kutwa nzima, ukihesabu na vizuizi vya askari.
Angani, kilomita mia na arobaini hivi.
Nusu saa.
Kuondoka Malindi saa nne na dakika arobaini,
kutua Manda saa tano na kumi.

Nilitarajia afurahi. Wote hufurahi.
Yeye alikunja uso
kama aliyeuziwa kitambaa pungufu.
"Nusu saa tu?
Neno la kwanda sinalo bado.
Huyo rubani hawezi kuzunguka kidogo?"

Nikacheka. Hakucheka.
Basi nikampigia hesabu upya, polepole:
kuna dakika za kupanda, Bi, masikio yakiziba.
Kuna Sabaki, ukiitia bahari rangi ya chai ya maziwa.
Kuna Ngomeni na mabwawa ya chumvi,
utadhani mtu amelaza vioo chini akavisahau.
Halafu ghuba ya Ungwana. Hapo hakuna cha kutazama,
hapo waweza kufikiri.
Kisha Kipini, na Tana ikijimwaga.
Ukiona mikoko imeshonana, funga mkanda.
Na ukishatua, kuna boti ya kuvuka, dakika kumi nyingine.

"Arubaini," akasema. "Kwa miaka yote ile."

Ndege iliondoka kwa wakati wake.
Siku nyingine zote huchelewa.

Mimi sijawahi kuipanda.
Nina kaka Witu, hupita karibu na paa lake.
Hilo halihusiki.

Saa kumi alasiri ikarudi,
abiria kumi na mmoja, kiti cha nne kitupu.
Famau, mwenzangu wa Manda, alikuwa ameshapiga simu:
"Yule mama wako hayupo. Tumemwita mara tatu.
Nimesogeza mabegi mawili nyuma, uzani ukae sawa."

Sijui kulitokea nini.
Labda dada alifungua, na halua ikakatwa.
Labda kufuli lilishabadilishwa,
naye yuko barazani hadi sasa
akigeuzageuza neno mdomoni kama kokwa ya tende.

Fomu ya abiria asiyepanda
ina neno moja tu, limechapwa tayari,
mimi hutia alama ubavuni mwake:
HAKUFIKA.

Niliishika kalamu
muda wa kutoka hapa hadi Ngomeni, kwa mwendo wa ndege,
kisha nikairudisha mfukoni.