Gurudumu la Mbele, Kushoto

Boliti tano zimetoka, zimelala ndani ya kofia yangu ya sufu,
na gurudumu bado limekaa palepale
kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu.

Jumapili, saa mbili asubuhi, Torry, upande huu wa mto, Aberdeen,
mji wa mawe ya kijivu na mvua isiyojua kunyesha,
inaning'inia tu hewani.
Breki zinakwaruza tangu Jumatano.
Pedi mpya ziko kizingitini, kwenye boksi lake.
Saa nane natakiwa kwa Bi. Leiper, kumwogesha na kumpa dawa,
maili kumi na moja, na basi la Jumapili ni hadithi.

Murdo wa nyumba ya pili ametoka na nyundo.
Si nyundo ile, ni hukumu. Kichwa chake kama tofali.
"Pigo moja," anasema. "Moja tu."
Namwambia, Murdo, hii si chuma, ni aloi.
Chuma ukikipiga kitapinda, kitakusamehe.
Hii hupata ufa mwembamba kama unywele,
ikanyamaza nao,
mpaka siku uko mwendo wa sabini, barabara ya Stonehaven,
ndipo inapokudai.

Mchawi ni chumvi.
Miezi mitano malori ya halmashauri yametumwagia chumvi
ili tusiteleze, na kweli hatukuteleza;
lakini ilipenya, ikaketi kati ya aloi na chuma cha kitovu,
ikaota unga mweupe,
ikavifungisha ndoa bila kadhi wala mashahidi.

Naam, najua mnakotaka kunipeleka.
Rimu hizi alizinunua Shabibu kwa mkopo.
Alizing'arisha kila Ijumaa kwa mswaki wa meno,
mimi nikizilipia kwa zamu za usiku.
Ameondoka tangu Novemba. Zimebaki rimu, na deni la miezi saba.
Msinitafutie mafumbo. Gurudumu ni gurudumu.
Ningekuwa na ugomvi nalo, Murdo angekwishapata ruhusa yake.

Napulizia mafuta ya kupenyeza, kuzunguka kitovu, kidogo kidogo,
nikiikinga diski ya breki kwa kitambaa.
Kisha nasubiri. Hapa ndipo kazi ilipo.
Murdo hajui kusubiri; amemaliza sigara mbili.
Nachemsha birika: nusu chai, nusu gurudumu.
Maji ya moto nayamwaga juu ya rimu, katikati,
maana aloi hutanuka upesi kuliko chuma.
Hili nilifundishwa na mama, ambaye hakuwahi kugusa gari,
kwa kifuniko cha chupa ya achari.

Mvuke unapanda. Nalishika tairi, nasukuma juu, navuta chini.
Kimya.

Haya. Nazirudisha boliti kwa vidole, nazilegeza mizunguko miwili,
nashusha jeki, nawasha.
Mbele hatua tatu, breki. Nyuma hatua tatu, breki.
Wa ghorofani amefungua pazia
amwone mwanamke anayebishana na Astra.
Mbele, breki. Nyuma,

tak.

Si sauti kubwa. Kama kidole kikialishwa.
Murdo ameisikia pia; ametupa sigara ya tatu.

Napandisha jeki tena, naweka stendi, natoa boliti,
na gurudumu linanijia kifuani, zito, lina matope,
halina hata mkwaruzo.
Murdo anarudi kwake na nyundo mikononi
kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Kitovu nakisugua kwa brashi ya waya hadi kinang'aa,
nakipaka grisi ya shaba, nyembamba
kama siagi ya mwisho wa mwezi.
Kisha nageuza rimu.
Upande wa ndani, mswaki wake haukuwahi kufika:
masizi ya breki, miaka sita, meusi, yameganda.
Nimeusugua nao.

Saa nne na robo. Chai imepoa.
Bado la kulia.