Wiki ya Tisa

Soli imeachama, wiki ya tisa tu,
mdomo wazi kama kitoto kinachodai uji,
katikati ya Mtaa wa Buchanan, Glasgow, watu wakipita.

Pauni mia nne na ishirini.
Zamu nne za usiku wodini, nikigeuza wagonjwa,
nizivae miguuni harusini kwa Mwanakheri
na Ijumaa mbili tatu baadaye.

Kijana wa dukani, Fergus kwa mujibu wa kibandiko chake,
akavishika kwa ncha za vidole:
"Umevitembelea kwenye mvua, mama."

Mvua. Glasgow.
Alitaka nipae?

"Hivi si vya kutembea sana."
Basi vya nini, baba? Vya kuchotea mchuzi?

Tulikanywa tangu utotoni: rahisi ni ghali.
Ghali yenyewe hakuna aliyetuonya.

Lakini marehemu mama alikuwa na duka la vitambaa,
na mali bila daftari, akisema, hupotea bila habari.
Nikaikunjua risiti polepole, kama hirizi.

"Miezi sita haijatimia, mwanangu.
Ukisema nimeviharibu mimi,
wa kuthibitisha ni nyinyi.
Ni sheria ya hapa hapa kwenu, sikuja nayo begini."

Masikio yakamwiva. Ameenda kumwita meneja.

Nangoja kwenye kiti chao cha mahameli,
nimevaa raba zangu za pauni kumi na mbili,
mwaka wa nne huu,
zimelowa chepechepe,
zimefumba midomo.