Shubiri Moja ya Upindo

Joho lililetwa Jumanne ndani ya mfuko wa plastiki,
Idwal akilibeba kwa mikono miwili kama mgonjwa.
"Lipunguze," akasema. "Yeye ni mfupi."
Hakusema askofu. Ulimi wake
ulikuwa bado unalipuliza neno hilo lipoe.

Nalijua joho hili tangu utotoni:
hariri ya rangi ya zabibu, uzi wa dhahabu.
Wanaume kumi na mmoja wamelivaa,
na wote, sijui kwa nini, walikuwa warefu.
Picha zao zimepangwa ukutani, sakristia:
ndevu, ndevu, miwani, ndevu,
na baada ya picha ya mwisho, msumari mtupu.

Niseme kweli, maana mvua ya Wales inanyesha na niko peke yangu:
mwaka ule wa sinodi nilipiga kura ya hapana.
Si kwa ajili ya Maandiko. Hayo niliwaachia wenye sauti.
Nilimwogopa mama,
aliyefua vitambaa vya madhabahu miaka arobaini
kwa maji ya baridi ya kukata vidole,
akisema: kazi yetu ni weupe, Tegwen,
yao ni kuuchafua kwa divai.
Kisha anacheka. Aliipenda kazi ile.
Nikaogopa kwamba mwanamke akizipanda ngazi zile tatu,
miaka arobaini ya mama
itageuka kuwa kungoja tu.

Lowri alikuja kupimwa Alhamisi, viatu vimelowa.
Binti wa mchonga mawe ya kuezekea,
shemasi miaka saba kwa kuwa mlango wa pili ulikuwa na komeo,
kisha kasisi wa parokia nne
zenye paa moja lisilovuja.
Alisimama juu ya kiti changu cha jikoni, mikono ameitandaza.
Nikamchoma pini kwenye kifundo cha mguu.
"Hiyo ni ya ile kura?" akauliza.
Kumbe alijua. Mji mdogo, kila kura ina uso.
Sikujibu, mdomo umejaa pini.
Tukacheka mpaka kiti kikayumba.

Usiku nikafumua upindo.
Uzi wa kale hautaki hasira, unataka kucha na subira.
Na humo, kati ya hariri na bitana,
mahali ambapo jicho la askofu halikupata kufika,
nikakuta majina,
uzi mweupe, herufi ndogo kama punje za mchele:
Blodwen. Hannah wa Mlimani. Myfi.
Gwladys, na msalaba uliopinda kando yake.
Moja nondo wamelila, imebaki M.
Wanaume kumi na mmoja walipita katikati ya waumini
wakiyaburuza majina ya wanawake sakafuni,
wakidhani ule ni uzito wa dhahabu.

Nilimpigia Lowri simu saa tano za usiku.
Alinyamaza. Nikasikia birika lake likipiga mluzi,
halafu likazimwa.
"Na lako liko wapi?" akauliza.

Jumapili aliwekewa mikono, mingi na mizito.
Miwili ilibaki imekunjwa kifuani, safu ya tatu;
naijua, ni ya binamu yangu.
Idwal alitangulia na fimbo yake,
akageuka pale mbele, akasema, "Askofu."
Likamtoka kama jino.
Wengine walitazama kofia, wengine pete.
Mimi nilitazama chini.
Joho halikugusa sakafu.
Viatu vilikuwa vimelowa tena.

Sikukata kitu. Nilikunja.
Shubiri moja ya hariri imelala ndani, pamoja na wale wote.
Nimemwongeza mama, kwa uzi mweupe, weupe aliouchagua.
Langu bado nalifikiria.

Idwal ananiuliza: ajaye akiwa mrefu, je?
Akiwa mrefu, aje kwangu.
Nitamfumulia.
Lakini kwanza atapiga magoti hapa jikoni, chini ya taa,
ayasome.