Nipe Hadi Jumatano

Ibra, soko la wanawake, siku ya Jumatano.
Langoni wanaume wanatushusha, wanageuza magari,
na sisi ndani tunakunjua: mabuibui, udi,
samli ya mbuzi ndani ya chupa zilizokuwa za maji.
Meza yangu ni mafuta ya nywele na sabuni.
Ya jirani ni ya Bi Shinuna binti Hamdun,
auzaye nyuzi za kofia, sindano na vifungo,
na kwenye droo ya chenji, juu ya baisa,
kitabu.

Niseme kweli: mwanzo nilimwonea kijicho.
Mwanamke gani huyu, mteja amesimama,
ameshika uzi wa zari, anauliza bei,
naye anainua kidole: ngoja,
nimalizie sentensi?
Na mteja anangoja!
Mimi ninayeita karibu mwanangu, karibu mamangu, tangu alfajiri,
hasimami mtu hata kunusa.

Amesoma kwa lugha tatu. Kiarabu cha babake,
Kiswahili cha Chake Chake alikozaliwa,
Kiingereza cha wodini, miaka ishirini na sita,
akizalisha wanawake wa Sharkiya usiku kucha.
"Uchungu una nafasi katikati," aliniambia.
"Ukurasa mmoja unaingia."

Basi huletewa kila kitu.
Karatasi ya mahakama. Maelezo ya dawa yaliyokunjwa mara kumi na sita.
Ujumbe wa mkwe, haujulikani ni salamu au matusi.
Anavaa miwani iliyofungwa kwa uzi wa kofia,
anasoma mpaka chini, hata yale maandishi ya sisimizi
ambayo walioyaandika walitaraji hatutayafikia.

Siku moja Rukaiya, mjukuu wa muuza samli,
akauliza: mbona maji ya falaji
majira ya baridi yana vuguvugu,
na kiangazi yanapoza? Nani anayapasha?
Sisi wakubwa tukacheka. Mmoja akasema majini.
Bi Shinuna hakucheka. Alimtazama mtoto
kama mtu aliyekumbushwa deni.
"Sijui," akasema. "Nipe hadi Jumatano."

Sijui!
Miaka hamsini na moja ninaishi, na neno hilo
nalificha kama kiraka cha nguo ya ndani.
Yeye kaliweka mezani, kati ya sindano na vifungo,
mchana kweupe.

Jumatano akaja na daftari, akachora kisima.
Yanatoka chini sana, akamwambia,
huko jua halifiki wala baridi haifiki.
Maji ni yale yale, mwanangu.
Kinachobadilika ni mkono wako.

Jioni ile nilikwenda kutia mkono mferejini.
Nimefua humo, nimetawadha humo,
sijawahi kuyauliza kitu.

Na mara nyingine hukosea.
Alimpigia Bi Ghaniya hesabu ya mirathi,
akamsahau mama wa marehemu.
Wiki ya pili akapita meza hadi meza, joto lile,
kwa kila aliyekuwa amesikia:
"Hesabu yangu ilikuwa na kosa. Nilimsahau mama."
Nimeona wenye elimu wengi, wengine na vilemba vyao.
Aliyerudi kusema hivyo, sijamwona.
Hapo ndipo kijicho changu kilipokatika pumzi.

Sasa na droo yangu ina kitabu.
Kurasa zimelowa mafuta ya nazi, zinaonyesha ng'ambo,
kwa hiyo nasoma mistari miwili kwa pamoja
na sielewi hata mmoja, nikarudia.

Mwezi uliopita mteja kashika chupa yangu:
mna nini humu kinachootesha nywele?
Jibu ninalo, miaka kumi na tisa lile lile,
dawa ya asili, mamangu, dawa ya asili.
Nikafungua mdomo.
Pembeni yangu ukurasa ukageuzwa.
"Sijui," nikasema.

Hakununua.
Ila Jumatano iliyofuata alirudi,
akaegemea meza yangu, akauliza:
umeshapata?