Manyoya ya Maji

Baba yangu, Eulogio Mansilla, alinyoa kondoo
miaka arobaini na mmoja kwenye ranchi za Magallanes.
Upepo wa huku hauvumi, unasukuma.
Ulimpinda mgongo kabla uzee haujafika kudai chake.

Mimi nauvuna upepo huohuo.
Unazungusha mapanga, mapanga yanazaa umeme,
umeme unashuka majini na maji yanaachana:
hidrojeni upande huu wa utando, oksijeni upande ule,
viputo vidogo kuliko punje za ulezi,
bila ugomvi, bila shahidi.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na mtambo mmoja, kimo cha friji.
Danica aliupa jina, Perla, akawa anaufuta vumbi kwa skafu yake.
Kilo ya kwanza ilipotimia
(lita tisa za maji zilikuwa zimekwenda)
tulipiga makofi, kisha tukacheka,
maana hapakuwa na cha kuona.

Sasa mitambo ni mia mbili na arobaini.
Haina majina.
Wa mia na kumi na saba huchemka kuliko wenzake,
wa thelathini na mbili utando wake umechoka,
na upepo ukizubaa saa nane za usiku
yote hupwaya kwa pamoja, nami mbio,
skrini hadi skrini, kama yaya wa watoto wa watu.

Nikamsimulia baba. Akapuliza chai yake.
"Kondoo mmoja unamnyoa kwa mikono.
Elfu kumi unawanyoa kwa saa.
Hapo ndipo damu hutoka."

Akauliza moto wa hidrojeni una rangi gani.
Nikamwambia: mchana hauna.
Wiki iliyofuata akaniletea ufagio wa nyasi kavu,
mpini mrefu. "Tembea nao mbele yako."
Vihisi tunavyo, baba. Ving'ora tunavyo.
Niliuegesha nyuma ya mlango, kwa adabu tu.

Julai, baridi ikaziba kihisi cha bomba la tisa.
King'ora kimya. Jua jeupe. Hewa tupu.
Sijui nini kilinifanya niuchukue.
Hatua ya kumi na nne, ncha ya ufagio
ikawaka, imeshikwa na kitu kisichokuwepo.

Nikasimama.
Danica akafunga vali.

Meli ya kwanza ilipoondoka, wageni waliuliza megawati,
waliuliza tani, waliuliza lini tutafika elfu.
Baba aliuliza ufagio umebaki kiasi gani.